Ngoma za redio na shoo za Nairobi: tunalipia nini hasa pale getini?

#1 — Sikio la Jericho (mleta uzi)

Wadau, habari za wikendi. Kuna ubishi umenifuata tangu Ijumaa kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, nimeona niumwage hapa palipo na watu wengi. Upande mmoja unasema muziki wa Kenya umelala, na ushahidi wao ni shoo mbovu walizolipia. Upande wa pili unauliza umelala wapi, na ngoma zinagonga redioni kutwa kucha? Mimi naona wanabishana juu ya vitu viwili tofauti. Kutengeneza ngoma ya redio ni kazi. Kusimama jukwaani saa moja na nusu ni kazi nyingine kabisa. Hapa Nairobi tumezoea kulipia kazi ya pili kwa sababu tu ile ya kwanza ilitupendeza, halafu tunarudi nyumbani tukinung'unika.

Niseme mapema: sina ugomvi na redio. Imetulea. Kabla ya Capital FM kuanza 1996 na kufungulia njia stesheni za binafsi, nyumba nyingi zilikuwa na KBC basi, redio ya taifa, ambayo wazee bado wanaiita VoK (Voice of Kenya) ingawa jina hilo liliondoka 1989. Ulisikiliza kilichowekwa: salamu, matangazo ya vifo, rumba, benga, kwaya, taarabu kidogo. Hukuchagua, na kwa kutochagua ukajua mengi. Leo mtu anaweza kumaliza mwaka mzima bila kusikia gitaa la Ukambani hata mara moja, kwa sababu stesheni za Kiingereza ziko huku, za lugha za mama ziko kule, na kila msikilizaji amefungiwa chumba chake.

Kinachonikera ni namna redio inavyoukata wimbo. Kesho asubuhi sikiliza popote wanapopiga zilizopendwa. Gitaa la kwanza halijamaliza kujitambulisha, mtangazaji ameshaingia na jina la mdhamini, hali ya barabara ya Mombasa na mzaha wa jana. Anawaachia waimbaji ubeti na kiitikio. Waimbaji wakinyamaza tu, magitaa yakitaka kuanza mazungumzo yao, anazima. Habari. Yaani amekupa maganda na ndizi ameitupa.

Na tusidhani ni tabia ya juzi. Waliowahi kushika santuri ndogo ya mizunguko 45 wanajua: upande huu sehemu ya kwanza, upande ule sehemu ya pili. Upande mmoja ulibeba dakika tatu nne hivi, na wimbo wa bendi ulikuwa mrefu kuliko hapo, kwa hiyo hadithi ikakaa mbele na mchemko, yaani pale magitaa yanapotawala, ukahamishiwa nyuma. Mtangazaji mvivu hakugeuza santuri. Ukumbini hakukuwa na kugeuza, wimbo uliendelea hadi mpiga solo atosheke. Chukua bendi ya Les Wanyika, waliojitenga na Simba Wanyika 1978 wakawa wanapiga pale Garden Square, katikati ya mji. "Sina Makosa" kila mtu wa Nairobi anaimba ubeti wa kwanza, hata aliyezaliwa juzi. Muulize besi ya Tommy Malanga inafanya nini waimbaji wakishanyamaza, atakukodolea macho. Ule wimbo redio imetupa nusu, na nusu yenyewe si ile niipendayo.

Siku hizi kisu kimekuwa kikali zaidi. Spotify inahesabu wimbo kuwa umesikilizwa baada ya sekunde 30. Prodyusa anajua hilo, kwa hiyo kiitikio kinawekwa mwanzoni kabisa, utangulizi unafutwa, na ngoma nzima inaishia dakika mbili na kitu. Simlaumu, anatafuta ugali. Lakini hebu piga hesabu ya jukwaani. Msanii ana ngoma kumi za dakika mbili na nusu. Akizipiga zote zilivyo, nusu saa haijafika ameishiwa. Anajaza vipi saa nzima? Ndipo unasikia "Nairobi mpoooo?" mara ishirini, "mikono juu", "upande huu mko na fujo kuliko ule", na mashindano ya kucheza ambapo dada fulani anapandishwa jukwaani bila kupenda.

Halafu kuna ile ya kuimbia juu ya CD. Siyo mdundo peke yake, ni wimbo wote, sauti yake ya studio ikiwa ndani. Yeye anadakia neno la mwisho la kila mstari. Studio, sauti ile ilirekodiwa vipande vipande, ikapangwa tabaka tatu, programu ikainyoosha palipopinda, na stesheni nayo ikaibana ili isikike nene hata kwenye spika ya kinyozi. Hakuna koo la binadamu linaloweza kurudia hayo huku miguu inaruka. Msanii mwenye akili angepanga wimbo upya kwa ajili ya jukwaa: ashushe ufunguo, aongeze waitikiaji, arefushe pale kati. Wengi hawapangi chochote. Wanaleta fleshi ya kompyuta yenye wimbo wote ndani.

Linganisha na nilichokiona kwenye baa moja kando ya Thika Road, siku ya wiki, watu hata hawakujaa. Bendi ya rumba, watu sita. Katikati ya mchemko uzi wa gitaa la solo ukakatika. Mpiga solo hakusimamisha mtu. Aligeukia spika yake, akatoa uzi mwingine mfukoni mwa shati, akaupitisha, akawa anaukaza huku sikio amelilaza juu ya mbao ya gitaa. Mpiga ridhimu alimtazama mara moja, akapanda juu shingoni mwa gitaa lake na kuanza kupiga sauti zile ambazo solo ingepiga, nyembamba kidogo, ila zipo. Mpiga besi akajaza chini. Aliyekuwa akicheza hakujua kumetokea nini. Jamaa akarudi, wakapishana bila neno. Getini sikulipa kitu, nilinunua soda na kuwatunza.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, mnipinge: tazama bango. Kama linataja msanii wa redio na madijei watano lakini halitaji bendi wala wapigaji, unaenda klabu iliyowekwa kwenye uwanja. Si dhambi, klabu ni raha. Ila usije hapa kesho yake kulia kwamba shoo ilikuwa mbovu.

Na mtu anieleze nani alibuni kuweka meza za VIP mbele ya jukwaa. Msanii anawaimbia watu waliokaa, wamempa mgongo, wanahangaika na barafu ya ndoo, na mashabiki wanaojua maneno yote wako nyuma ya chuma mita hamsini.

---

#2 — DJ wa Kona

Buda, umeongea vizuri lakini umeongea kama mtu wa getini. Acha mtu wa nyuma ya mashine aongee.

Shoo imeandikwa inaanza saa nane mchana. Mashine zinafika saa sita kwa sababu lori lilikuwa kwenye harusi Kitengela. Kuna wasanii wanane. Bendi moja kujipima sauti vizuri ni saa nzima: dramu, besi, kinanda, magitaa, maikrofoni za waitikiaji, spika za kujisikia. Zidisha kwa wanane. Jua limezama. Promota anakuja mbio: "Wote waje na fleshi, tumalize." Fundi wa sauti anashukuru Mungu, maana fleshi haina uzi wa kukatika.

Pesa sasa. Msanii analetwa kwa bei ya kichwa kimoja. Akisema ana bendi ya watu sita, promota anamwambia sawa, walipe kutoka kwa hiyo hiyo. Na hao sita wanataka mazoezi, mazoezi yanataka chumba, chumba kinalipiwa kwa saa. Akipiga hesabu anabaki na nauli. Wewe ungefanya nini?

Halafu nyinyi mashabiki. Tikiti imesema saa nane, mnafika saa tatu usiku mmeshalewa mtaani kwa sababu pombe ya ndani ni ghali. Bendi nzuri mara nyingi inapangwa mapema. Nimeshuhudia bendi safi ikipigia viti vya plastiki na mtu wa maandazi.

---

#3 — Toto ya Umo

Wazee mmeanza tena na magitaa 😂

Mleta uzi heshima zako, ila nyinyi mnadhani shoo ni kukaa kusikiliza mtu akipiga. Sisi hatuendi kusikiliza. Kundi la Ethic walipotoa "Lamba Lolo" 2018 hakuna redio iliyowabeba. Ilitoka YouTube, ikaingia kwa nganya, hizi matatu zetu za muziki, ikafika shule, redio ikaja nyuma ikihema. Gengetone yote, hii mitindo yetu ya mtaa, ilienda hivyo, na hii arbantone ya sasa inaenda hivyo hivyo. Ukiwa kwenye umati, ngoma ikiangushwa, watu elfu wanapiga makelele mstari mmoja, nani anataka kusikia koo la msanii? Sisi ndio tunaimba. Yeye ni wa kuongoza fujo.

Na hiyo kanuni ya bango, sawa, kwako. Kwangu mimi bango likisema bendi najua kutakuwa na jamaa wa saksafoni anafunga macho dakika kumi.

Pia acheni kusema redio kama ni kitu kimoja. Ghetto Radio inaongea Sheng kutwa, inacheza wasee wa mtaa. Si sawa na zile zingine za ngoma za Marekani.

---

#4 — Mama Wawili

Mnazungumza magitaa, mimi nazungumza choo. Nisameheni.

Napenda muziki tangu niko shule, na miaka ya wasanii Nameless na E-Sir nilikuwa nao wote kichwani. E-Sir alipofariki ajalini Machi 2003 darasa letu zima lilikaa kimya siku nzima. Kwa hiyo msinione mgeni. Lakini shoo kubwa za sasa zimenishinda, na si kwa sababu ya fleshi. Msanii mkuu anapanda saa nane usiku. Vyoo vya plastiki viko vichache, foleni ya wanawake inafika kwa wauza muhogo, giza tupu, na ukitoka nje teksi imepandisha bei mara tatu. Nani ananihakikishia nitafika Donholm?

Ndiyo maana shoo yangu ni Alliance Française, pale bustanini, mjini. Zinaanza jioni, kuna taa, watu wanaleta hata watoto, na saa nne usiku niko kwangu. Na jambo ambalo mleta uzi atalipenda: karibu kila mara ni bendi yenyewe, vyombo vyenyewe. Kundi la Sauti Sol wenyewe, kabla ya redio kuwajua, walikuwa wakionekana pale.

Redio kwangu ni ya jikoni. Sihitaji wimbo wa dakika tisa nikikaanga vitunguu, nahitaji tatu nne zinazojulikana. Kwa hiyo huyo mtangazaji anayekata, mimi simlaani sana.

---

#5 — Ridhimu ya Pili

Nimesoma habari ya uzi uliokatika nikacheka peke yangu. Mimi ni mpiga ridhimu. Siyo yule wa baa yako, au labda ndiye, sisemi. Hiyo kazi ya kumshikia solo nafasi hakuna anayefundishwa, unajifunza kwa aibu.

Nataka kuongeza mambo ambayo mtu wa nje haoni.

Kwanza, bendi za baa zinaishi kwa redio kuliko mnavyofikiri. Saa mbili usiku tunapiga zetu, watu wanakula. Saa nne mteja anatuma karatasi na noti: tupigieni ile. Na "ile" daima ni ngoma iliyochezwa redioni, ya mwaka huu au ya 1980, lakini ya redioni. Tusipoijua hatutunzwi, na kutunzwa ndiyo nauli ya usiku. Kwa hiyo bendi inayojitambua inasikiliza redio asubuhi ili ipate kula usiku. Wimbo wetu wenyewe tunauficha katikati ya zile mbili wanazozipenda, tukiomba Mungu wasirudi mezani.

Pili, korona. Machi 2020 tulifungwa, na kafyu haikuondolewa hadi Oktoba 2021. Redio haikufungwa hata siku moja, nyimbo ziliendelea kuchezwa. Wenzangu wawili waliuza magitaa, mmoja sasa ni wa bodaboda na hajarudi. Tukaanza kuinuka, Novemba 2022 kaunti ikafuta leseni za klabu za maeneo ya makazi kwa sababu ya kelele. Sikatai, mtu ana haki ya kulala, nami nina watoto. Lakini baa ndogo za mtaani ndizo zilikuwa zinaajiri bendi za watu sita. Klabu kubwa za Westlands zinaajiri DJ. DJ wa Kona usikasirike.

Tatu, wanaosema "akichezwa redioni analipwa". Mgao wa mirabaha wa 2019, ule uliozua kelele nchi nzima, ulikuwa Sh2,530 kwa kila mwanachama. Uzi mzuri wa gitaa ununue, ubaki na nauli ya Rongai. Sheria inazitaka stesheni ziweke asilimia 40 ya vipindi viwe vya humu nchini, lakini kipindi cha watu kupiga simu na kugombana na wake zao nacho ni cha humu nchini. Hesabu inatimia bila gitaa hata moja.

---

#6 — Mtu wa Githurai

Nyinyi wote mnaongea kama mugithi haipo. Mtu mmoja, gitaa moja, mashine ya mdundo, maikrofoni. Hakuna bendi ya watu sita na hakuna fleshi ya sauti. Anapiga kutoka saa tatu usiku mpaka asubuhi, anaunganisha wimbo wa kanisa, wa zamani, wa redio wa wiki iliyopita, kwa Kikuyu, kwa Kiswahili, na anawatusi marafiki zake kwa majina katikati. Watu wanashikana mabega wanapanga treni kuzunguka meza. Ngoma ya redio ya dakika tatu anaweza kuivuta dakika ishirini akiona treni haijachoka.

Sasa mleta uzi, hiyo ni laivu au siyo laivu? Bango lake halina bendi.

---

#7 — Sikio la Jericho (mleta uzi)

Nimesoma zote. Nijibu zile zenye uzito, mniwie radhi wengine.

DJ wa Kona, habari ya lori la Kitengela naikubali, lakini hesabu yako inamtetea promota. Wasanii wanane wa nini? Weka watatu wenye bendi moja ya nyumbani itakayowapigia wote, wafanye mazoezi pamoja wiki mbili. Dramu moja, besi moja, kipimo kimoja cha sauti. Bendi ya nyumbani ni kitu cha zamani sana katika mji huu. Wasanii wanane wanawekwa ili bango lijae sura, kila mtu aone mmoja wa kumleta. Ni bango linalouzwa, siyo shoo.

Toto ya Umo, kwenye fujo ya umati nakuachia, na kwamba ngoma zenu zilipita nje ya redio ni kweli tupu. Hata kundi la rap la Kalamashaka kutoka Dandora miaka ya tisini hawakusubiri ruhusa ya mtu. Lakini umesema mwenyewe: mnaoimba ni nyinyi. Basi hiyo hela ya tikiti unamlipa nani? Ukifika siku umati hauyajui maneno, albamu mpya tuseme, msanii wako atabaki na nini mkononi? Nimeona jukwaa likifa kwa wimbo mmoja mgeni. Watu walitoa simu, siyo kurekodi, kusoma ujumbe.

Mama Wawili, umenipiga bao. Choo kinaingia kwenye bei ya tikiti kama vile gitaa linavyoingia, na promota anayeweka msanii mkuu saa nane usiku anauza pombe, muziki ni chambo. Kuhusu Sauti Sol, hao ndio mfano ninaopenda kuwatolea wabishi. Walianza 2005 kama waimbaji, koo dhidi ya koo, kabla ya kitu kingine chochote. Redio ilipowachukua, wimbo ulikuwa tayari umesimama kwa miguu yake. Ndiyo maana mpaka shoo zao za mwisho za Novemba 2023 kabla ya kila mmoja kushika njia yake, hawakuwahi kuogopa maikrofoni iliyo wazi. Na Them Mushrooms ni hivyo hivyo: bendi ya hoteli za Mombasa, usiku baada ya usiku mbele ya wageni, ndipo "Jambo Bwana" ikarekodiwa 1982. Jukwaa kwanza, santuri baadaye. Leo tunaenda kinyume, wimbo unazaliwa studio na msanii anakutana nao jukwaani kama mgeni.

Mtu wa Githurai, mugithi ni laivu, tena ya juu, na umenionyesha kwamba kanuni yangu inahitaji mkia: bango litaje bendi, au mtu mwenye chombo mkononi. Nashangaa tu kwamba stesheni zinacheza rekodi za mugithi wakati utamu wake wote ni yale matusi ya majina ambayo hayawezi kurushwa hewani.

Ridhimu ya Pili, kaka, yako sina la kuongeza. Ila nataka kujua: mteja akiomba ngoma ya redio, mnaipiga kama ilivyo au mnaigeuza?

---

#8 — Ridhimu ya Pili

Tunaigeuza. Hatuna budi. Ngoma nyingi za sasa zina kodi (chord) mbili za gitaa, saa nyingine moja, na mdundo wa kompyuta. Ukiipiga ilivyo, dakika ya tatu mpiga besi ameanza kusinzia. Kwa hiyo tunaimba ubeti na kiitikio ili mteja aridhike, halafu solo anatafuta mlango. Kuna ngoma moja ya hawa vijana, sitaji, tuliifungulia mchemko wa rumba nyuma, watu wazima wakaanza kucheza wimbo ambao nyumbani wanawakataza watoto wao. Mwenye wimbo siku moja alikuwa ndani na rafiki zake. Alikuja mpaka jukwaani, tukadhani ni ugomvi. Akaomba maikrofoni, akaimba nasi karibu robo saa, akipotea mara kwa mara maana hakuzoea kusubiri gitaa limalize. Alisema hajawahi kupiga na bendi. Ana ngoma redioni kila siku huyo.

---

#9 — DJ wa Kona

Hapo kwa bendi moja ya nyumbani nimekuelewa, mleta uzi. Nitalipeleka kwa promota wangu, najua atanicheka, lakini nitalipeleka kwa lugha ya pesa: lori moja badala ya mawili.

Ila bado sijasamehe hiyo ya "DJ wa Westlands". Kuna DJ anayejua kuuacha wimbo uende hadi mwisho. Mtangazaji ndiye haachi, kwa sababu dakika ya mwisho wa wimbo ina tangazo limeshalipiwa. Na siyo kwamba watangazaji hawajui muziki. Gidi yule wa "Unbwogable" ya 2002, iliyoimbwa na kila mkutano wa uchaguzi mwaka ule, leo ndiye anaamsha watu Radio Jambo. Mtu aliyetikisa nchi kwa wimbo anasikilizwa zaidi akipatanisha wapenzi waliokosana. Hapo mniambie redio inauza nini.

---

#10 — Mama Wawili

Inauza watu wakiongea. Na mimi nanunua kila asubuhi, sijifichi.

Nani yuko tayari tuchague siku ya wiki, kabla ya saa tatu, mahali penye choo na bendi? Ridhimu ya Pili usitutajie yako kama hutaki kujulikana, tutajikuta tu huko.

---

#11 — Toto ya Umo

Nitakuja nikiwa na hali moja. Hiyo bendi ipige Wakadinali, lile kundi la rap. Siyo kugeuza iwe rumba, ipige drili yao yenyewe, na mleta uzi acheze.

---

#12 — Sikio la Jericho (mleta uzi)

Nacheza, mradi dramu ipigwe na mtu. Na wewe utakaa umalize wimbo mmoja wa zamani mpaka gitaa la mwisho, simu mfukoni. Alhamisi ya mwisho wa mwezi, mishahara ikishaingia, maana kuna watu hapa hawatunzi.